Nani Aseme Picha Hii Ni Nyeti?

Mwaka 1909 mpigapicha Walter Garbe aliwapiga picha mwanamume na mwanamke wa Wabotocudo, mojawapo ya jamii za wenyeji wa asili wa Brazil. Vifua vyao viko wazi, kama walivyozoea kuishi. Mwezi Aprili 2015 Wizara ya Utamaduni ya Brazil iliiweka picha hiyo Facebook ili kutangaza hazina mpya ya picha za kihistoria. Facebook ikaiondoa. Waziri wa Utamaduni, Juca Ferreira, akaja juu: alilalamika kwamba uhuru wa nchi na heshima ya wenyeji vimevunjwa, akatishia kwenda mahakamani. Muda si mrefu picha ikarudishwa.

Ni rahisi kusema kampuni ilikosea, basi, yaishe. Lakini aliyeiondoa hakubuni kitu kichwani mwake. Alikuwa na kanuni: titi la mwanamke likionekana, huo ni utupu. Titi lilionekana. Kanuni ilisomwa sawasawa, picha ikatazamwa sawasawa, na bado jibu likatoka bovu. Kazi ya kuweka lebo kwenye maudhui nyeti imejaa majibu ya namna hiyo, na kuongeza umakini au kuajiri watu wengi zaidi hakujayaondoa. Tatizo linaanza mapema zaidi, pale mtu anapoamua ni mambo gani yatajwe kwenye lebo na yapi yasitajwe.

Lebo ni kitu kimoja, hatua ni kingine

Watu wanaposema lebo mtandaoni huwa wanachanganya mambo matatu. Kuna onyo linaloonekana, yaani maandishi au pazia lililotandazwa juu ya picha kabla hujaifungua. Kuna alama iliyofichwa ndani ya msimbo wa ukurasa, ambayo msomaji haioni lakini kivinjari au programu ya kuchuja inaisoma. Halafu kuna alama za ndani ya kampuni, ambazo mara nyingi hata mwenye chapisho haambiwi kwamba amepewa, ilhali ndizo zinazoamua kama chapisho lake litapendekezwa kwa wengine, litawekewa matangazo, au litasukumwa pembeni lisionekane.

Zote tatu zinafanana kwa jambo moja: lebo inaeleza, kisha mtu mwingine, au mashine, inachukua hatua. Lebo inasema, "Kuna damu." Hatua inasema, "Kwa hiyo usione." Sehemu kubwa ya ugomvi kuhusu maudhui nyeti hutokana na kuyafanya haya mawili kuwa kitu kimoja. Mtu anayelalamikia lebo mara nyingi analalamikia hatua iliyofuata, na anayeitetea lebo mara nyingi anatetea maelezo tu.

Lebo ya dawa hutaja kilichomo ndani ya chupa, na kilichomo hakibadiliki chupa ikivuka mpaka wa nchi. Maudhui hayako hivyo. Unyeti haumo ndani ya picha peke yake. Upo kati ya picha na anayeitazama, na watazamaji wa ukurasa mmoja wanaweza kuwa wametoka pembe zote za dunia.

Tumaini la mwaka 1996

Wahandisi wa wavuti waliligundua tatizo hili mapema kuliko wengi wanavyodhani. Mwezi Februari 1996 Marekani ilipitisha sheria iliyofanya kuwa kosa la jinai kuweka kwenye intaneti maudhui "yasiyo na staha" mahali ambapo mtoto anaweza kuyafikia. Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilibatilisha vifungu hivyo mwezi Juni 1997. Katika hukumu yake ilitoa hoja ambayo haijachakaa hadi leo: ukisema maudhui yapimwe kwa maadili ya jamii, na mtandao unaifikia kila jamii, basi kipimo halisi kitakuwa ni cha jamii iliyo nyepesi kukereka kuliko zote. Na hapo mahakama ilikuwa inazungumzia nchi moja tu.

Wakati kesi ikiendelea, shirika la viwango vya wavuti, W3C, lilikuwa limeshatoa jibu la kiufundi lililoitwa PICS. Kwa maoni yangu ni mojawapo ya mawazo ya busara zaidi ya miaka ile, ingawa leo ni wachache wanaolikumbuka. PICS haikusema lipi ni baya. Ilitoa sarufi tu ya kuandikia lebo. Yeyote angeweza kutunga orodha yake ya vigezo: kanisa, chama cha walimu, kampuni, kikundi cha wazazi. Mwenye ukurasa angeweza kujiwekea lebo, au mtu wa tatu akaiweka bila hata kumwomba ruhusa. Kisha mzazi, mbele ya kompyuta yake, akachagua ni lebo za nani azisikilize. Maelezo kule, hukumu huku.

Kilichotokea ni kwamba orodha moja ilimeza nyingine zote. RSACi, iliyotungwa Marekani na baraza lililoanza kwa kukadiria michezo ya kompyuta, iliingizwa moja kwa moja kwenye Internet Explorer 3, kivinjari cha Microsoft. Ilikuwa na safu nne: ukatili, utupu, ngono na lugha, kila moja ikipimwa kuanzia 0 hadi 4. Ukatili ulianza na kupigana, ukapanda hadi kuua, kuua kwa umwagaji damu, na mwisho ukatili wa kupindukia usio na sababu. Utupu ulianza na mavazi yanayoonyesha mwili, ukaishia kwenye utupu wa mbele wa kuchochea.

Soma maneno hayo tena. Mavazi yanayoonyesha mwili kiasi gani, na kwa macho ya nani? Nani anaamua kwamba ukatili huu hauna sababu na ule unayo? Maelezo yaliyoahidiwa kuwa makavu yalikuwa na hukumu ndani yake tangu daraja la kwanza.

Tena kulikuwa na dhana nzito zaidi iliyojificha. Ukipanga mambo kwa madaraja unadai kwamba walimwengu wote wanayapanda kwa mfuatano uleule, ila kila mmoja anasimama mahali pake. Si kweli. Wakadiriaji wa Marekani kwa kawaida wamekuwa wakali kwa utupu na matusi kuliko kwa risasi. Ujerumani na nchi za Skandinavia zimekuwa na mwelekeo wa kinyume chake. Mwaka 1982 Sweden iliwazuia watoto wa chini ya miaka 11 kuingia sinema kutazama E.T., filamu ambayo Wamarekani waliichukulia kuwa ya familia nzima. Huwezi kuupata uamuzi huo kwa kusogeza alama juu au chini kwenye madaraja ya Kimarekani. Mizani yenyewe ni nyingine.

Waliofuata walilijua kosa. Shirika la ICRA, lililoanzishwa mwaka 1999 na kuirithi RSACi, liliyatupa madaraja, likaleta maswali ya ndiyo au hapana. Je, matiti yanaonekana? Je, kuna busu la mahaba? Je, kuna kamari, pombe, silaha? Nia ilikuwa kupata orodha ambayo mtu wa nchi yoyote angeijaza kwa namna moja. Kwa sehemu kubwa walifaulu, mpaka unapofika kwenye vipengele kama kile kilichouliza kama kuna kitu kinachoweza kuonekana kuwa mfano mbaya kwa watoto wadogo. Mfano mbaya! Hapo unaweza kuwaweka wazazi wawili wa mtaa mmoja wakabishana hadi asubuhi.

ICRA iliacha kutoa lebo mwaka 2010. Utamaduni haukuwa sababu pekee. Wenye tovuti hawakuona faida ya kujaza fomu, kwa hiyo kurasa nyingi mno zilibaki bila lebo, na mzazi aliyeiamuru kompyuta izuie kila kisicho na lebo alijikuta amezuia karibu intaneti nzima.

Vitu ambavyo orodha haivioni

Dhana ya pili ya orodha zile ni kwamba mambo mazito yote yamo ndani yake. Chukua picha inayomwonyesha Mtume Muhammad. Kwa Waislamu wengi ni jambo zito kuliko utupu. Kwa kipimo cha RSACi, inapata 0 katika safu zote nne. Hata hapo mambo hayajanyooka, maana kuna michoro ya kale ya Kiajemi, iliyochorwa na Waislamu kwa ajili ya watawala Waislamu, inayomwonyesha. Utakapoandika lebo ya kuwasaidia waumini itabidi uchague ni waumini wepi unaowasemea, na wa karne gani.

Au chukua picha ya marehemu. Simaanishi maiti. Namaanisha picha ya kawaida ya mtu akitabasamu, ambaye baadaye alifariki. Katika jamii nyingi za Waaborijini, wenyeji wa asili wa Australia, na wakazi wa visiwa vya mlango bahari wa Torres, kuona sura au kusikia sauti ya aliyefariki kunaweza kuleta uchungu mkubwa na kuvunja taratibu za msiba. Ndiyo maana televisheni, makumbusho na tovuti za Australia huweka onyo kwamba yafuatayo yanaweza kuwa na picha, majina au sauti za watu waliofariki. Kampuni ya teknolojia ya nchi nyingine ingekaa miaka mia moja ikiboresha orodha yake ya ukatili, utupu na matusi bila kulifikiria onyo hilo hata mara moja. Si kwa ubaya. Haimo tu katika mambo yanayowakosesha usingizi.

Hapohapo Australia, mwezi Machi 2016, Facebook iliondoa chapisho la mwandishi Celeste Liddle lililokuwa na picha ya wanawake wawili wazee wa Kiaborijini, vifua wazi, wamepakwa rangi kwa ajili ya sherehe ya kimila. Ukiziweka kesi hizi mbili pamoja utaona jinsi orodha ya kigeni inavyokosea kwa pande zote. Kile ambacho wenyewe wanakiona cha heshima kinapigwa alama, na kinachowaumiza kinapita bila kuguswa.

Jibu la kuvutia zaidi ninalolijua limetoka kwa watu hao hao. Kwa ushirikiano na jamii ya Wawarumungu wa Tennant Creek, ilijengwa hifadhi ya kidijitali iliyozaa programu ya Mukurtu, ambamo jamii yenyewe huamua nani aone nini kulingana na ukoo, jinsia na cheo cha kimila. Wataalamu waliohusika na kazi za namna hiyo wakaanzisha pia lebo za maarifa ya jadi chini ya mradi uitwao Local Contexts. Ipo lebo inayosema kwamba maudhui haya kwa desturi hutazamwa na wanawake tu. Ipo ya wanaume. Ipo inayosema haya husimuliwa katika majira fulani ya mwaka. Nyingi kati ya lebo hizi hazimzuii mtu kwa nguvu. Zinamweleza mgeni desturi na kumwachia ustaarabu wake. Na zina kitu ambacho RSACi haikuwa nacho: mwenye lebo anajulikana. Hakuna anayejifanya kusema kwa niaba ya dunia.

Picha ileile, mahali pengine

Hata mkikubaliana orodha, bado kuna muktadha. Mwezi Septemba 2016 Facebook iliondoa picha maarufu ya vita vya Vietnam, ile ya mwaka 1972 ya msichana anayekimbia akiwa uchi baada ya shambulio la mabomu ya napalm. Gazeti la Aftenposten la Norway likachapisha barua ya wazi kwa Mark Zuckerberg. Waziri Mkuu Erna Solberg akaichapisha picha hiyo kwenye ukurasa wake, nayo ikaondolewa vilevile. Kampuni ikarudi nyuma. Kanuni yake ya kukataza utupu wa watoto ilikuwa nzuri, na naamini karibu kila jamii ingeiunga mkono. Picha ile nayo ni ushahidi wa kihistoria. Yote mawili ni kweli kwa wakati mmoja, na kanuni ya mstari mmoja haina nafasi ya kweli mbili.

Alama ya swastika ina hali ngumu zaidi. Kwa Wahindu, Wabudha na Wajaini ni alama ya baraka, iliyokuwepo karne nyingi kabla ya Hitler. Kwenye ramani za Japani imetumika kuonyesha hekalu. Nchini Ujerumani kuonyesha swastika ya Wanazi ni kosa la jinai, isipokuwa katika sanaa, elimu, utafiti na taarifa za habari. Hata Wajerumani, ambao sheria yao iko wazi kuliko nyingi, walichukua muda kukubali kwamba mchezo wa kompyuta unaweza kuhesabiwa kuwa sanaa kama filamu. Bodi yao ya kukadiria michezo ilianza kuipima mmoja mmoja mwaka 2018 badala ya kuikataa moja kwa moja. Mashine inayotafuta umbo la msalaba uliopinda haiwezi kuyajua hayo kwa kutazama umbo.

Mtu atauliza: si tuongeze lebo ya muktadha? Ilijaribiwa. Mwaka 1997 ilipendekezwa tovuti za habari zipewe alama yao maalumu ili habari za vita zisifungiwe pamoja na filamu za mauaji. Vyombo vya habari vya Marekani viliikataa, kwani ili kuigawa alama hiyo angehitajika mtu wa kuamua nani ni chombo cha habari halisi na nani si. Tatizo lilikuwa limehamia chumba cha pili.

Kwa upande wa umri kuna mbinu moja nyoofu kuliko nyingine. Mfumo wa IARC, ulioanza mwaka 2013 na kutumiwa na duka la programu la Google tangu 2015, humpa mtengenezaji wa mchezo au programu dodoso moja. Majibu yake hugeuzwa na kompyuta kuwa makadirio tofauti kwa kila eneo: Marekani kwa vigezo vyao, sehemu kubwa ya Ulaya kwa vya PEGI, mfumo wao wa pamoja wa kukadiria umri, Ujerumani kwa vyao, Brazil kwa vyao. Maelezo ni yaleyale, hukumu zinatofautiana. Hata ndani ya PEGI, Ureno hutumia miaka 4 na 6 mahali ambapo wenzao hutumia 3 na 7, ili ilingane na madaraja yake ya filamu. Mbinu hii inafaa kwa bidhaa zenye mtengenezaji anayejulikana na mwenye muda wa kujaza fomu. Kwa video zinazomiminika kila dakika kutoka kwa mamilioni ya watu, nani atajaza?

Walipoulizana wenyewe

Jaribio lililofichua mengi zaidi ni la Wikipedia. Mwezi Mei 2011 bodi ya taasisi ya Wikimedia iliagiza kitengenezwe kichujio cha hiari: msomaji anayetaka, afiche aina fulani za picha, kwa ajili yake mwenyewe tu. Hakuna kitakachofutwa. Kwa masikio ya mtu wa kawaida hili ni jambo dogo kabisa. Agosti mwaka huo watumiaji waliombwa maoni, na zaidi ya watu 20,000 wakajibu kwa kutoa alama kuanzia 0 hadi 10. Mojawapo ya maswali liliuliza ni muhimu kiasi gani kichujio kisiegemee utamaduni wowote.

Upinzani ulikuwa mkali, hasa kwa wahariri wa Wikipedia ya Kijerumani, ambao katika kura yao wenyewe walikikataa kwa zaidi ya asilimia 80. Hoja yao haikuwa kwamba picha zote ni sawa kwa kila mtu. Walisema ili kichujio kifanye kazi itabidi kila picha ipangwe katika makundi ya "inayoweza kukera", na kazi hiyo haiwezi kufanywa bila kuegemea upande, katika kamusi elezo ambayo kutoegemea upande ni kanuni yake ya msingi. Wakaongeza jambo la pili: orodha hiyo ikishatengenezwa haitabaki mikononi mwa msomaji. Mtoa huduma wa intaneti au serikali inaweza kuichukua kama ilivyo na kuwafungia watu wasioomba kufungiwa. Kazi ngumu ya kupanga itakuwa imeshafanywa na watu wa kujitolea, bure.

Mwezi Julai 2012 bodi iliondoa agizo lake. Binafsi naona wapinzani walikuwa sahihi kwa hoja ya pili kuliko ya kwanza. Kupanga kwa upendeleo kunaweza kukubalika ikiwa mpangaji anasema ni upendeleo wa nani. Lakini lebo iliyo wazi kwa kila mashine haichagui bwana. Chama cha Maktaba cha Marekani kilikuwa kimeonya juu ya hili tangu mwaka 1951, wakati lebo zilikuwa karatasi zinazobandikwa kwenye majalada: lebo ya kumtia msomaji wasiwasi juu ya kitabu ni chombo cha mdhibiti.

Mashine iliyofunzwa na nani?

Leo lebo nyingi hazibandikwi na binadamu. Huduma ya Google ya kutambua picha, kwa mfano, hutoa makadirio ya mambo matano, yakiwemo ukatili, tiba na kile inachokiona kuwa cha kuamsha ashiki. Jibu haliji kama ndiyo au hapana. Linakuja kama uwezekano, kutoka mdogo sana hadi mkubwa sana. Hesabu hiyo inaonekana kama kipimo cha maabara, ila chini yake kuna watu walioajiriwa kutazama maelfu ya picha na kusema ipi inawaamsha. Mwaka 2023 uchunguzi uliochapishwa na gazeti la Guardian ulionyesha matokeo yake: zana za kampuni kadhaa kubwa zilizipa picha za wanawake alama za juu za ashiki kuliko za wanaume katika hali zinazofanana, pamoja na picha za tumbo la mjamzito na za uchunguzi wa kitabibu wa matiti. Macho ya kundi fulani la watu yaligeuzwa kuwa namba, kisha namba ikasambazwa dunia nzima bila jina la kundi hilo.

Na lebo za siri zina madhara yake ya pekee. Mwaka 2017 ilibainika kwamba hali ya udhibiti ya YouTube, inayotumiwa na shule na maktaba, ilikuwa inaficha video nyingi za wapenzi wa jinsia moja zisizo na ngono wala matusi. Kampuni ilikiri kwamba mfumo haukufanya kazi ilivyokusudiwa. Wapo wazazi waliokasirika kwamba zilifichwa, na wapo ambao wangependa zibaki zimefichwa. Lakini makundi yote mawili yalinyimwa kitu kilekile: hakuna aliyekuwa ameambiwa mfumo unaficha nini na kwa kigezo gani.

Lebo nyingi, kila moja na mwenyewe

Mwezi Machi 2024 mtandao wa Bluesky ulifungua mlango kwa yeyote kuendesha huduma yake ya kuweka lebo. Mtumiaji anajiunga na watoa lebo anaowaamini, kisha anaamua kwa kila lebo: ficha, onya, au puuza. Waliokuwepo mwaka 1996 watalitambua wazo hilo. Tofauti ni kwamba safari hii halimtegemei mwenye ukurasa ajaze fomu, na kuna jamii za watu ambao tayari wanataka kufanya kazi hiyo.

Sitaki kulipamba. Mfumo wa lebo nyingi unaelemea wenye watu wengi na muda mwingi. Jamii ndogo yenye lugha ndogo inaweza isiwe na hata mtoa lebo mmoja, ikabaki na zile za msingi zilizowekwa na kampuni. Kisha ndani ya jamii yenyewe lebo inaweza kugeuka fimbo. Mwishoni mwa 2022 watu wengi walipohamia Mastodon kutoka Twitter, walikuta desturi ya kutanguliza onyo juu ya mada nzito. Baadhi ya watumiaji weusi waliambiwa waweke onyo kila wanaposimulia ubaguzi waliofanyiwa. Aliyeomba aliona ni adabu. Aliyeombwa aliona anaambiwa afunike maisha yake ili wengine wasisumbuke. Hakuna programu itakayoamua hilo.

Ndiyo maana nadhani malengo yapunguzwe. Lebo zinazodumu ni zile zenye dai dogo. Lebo ya RTA, iliyoanzishwa mwaka 2006, inasema jambo moja tu: mwenye tovuti hii ametangaza ni ya watu wazima. Ni ya bure, ni kipande kimoja cha msimbo, na haijaribu kupima chochote. Kwenye upande wa pili kuna RFC 8674, waraka wa kiufundi wa Desemba 2019 unaoruhusu kivinjari kuiambia tovuti kwamba mtumiaji anapendelea maudhui salama. Waraka huo unasema wazi kwamba hautoi maana kamili ya "salama"; kila tovuti ijitafsirie. Wengine wameuona kuwa ni uvivu. Mimi nauona kuwa mkweli kuliko orodha nyingi zilizoutangulia.

Shida ni kwamba sheria hazina subira na majibu ya namna hiyo. Tangu Julai 2025 tovuti za ponografia zinazofikiwa kutoka Uingereza zinatakiwa kuhakiki umri wa watumiaji, na nchi nyingine zinafuata njia hiyo. Zamani ukurasa uliopewa lebo isiyofaa ulikuwa na pazia ambalo msomaji aliliondoa kwa kubofya. Sasa huenda akatakiwa kuonyesha kitambulisho au sura yake kabla ya kusoma makala kuhusu saratani ya matiti au kuona picha ya kihistoria. Kosa la lebo limekuwa ghali, na anayelilipia ni msomaji.

Kwa hiyo maswali ya kumuuliza yeyote anayeleta mfumo mpya wa lebo, iwe wizara, kampuni au kikundi cha wazazi, ni ya kawaida kabisa. Lebo zako zinataja kitu kinachoonekana, au hisia unayodhani nitaipata? Nani alizitunga, na jina lake limeandikwa wapi? Hatua inayofuata baada ya lebo inachaguliwa na nani? Nikiona mmekosea, nimpelekee nani malalamiko, na ataweza kuisoma lugha yangu?